Uzi: Nani hutangaza nini huku mashinani, na tufanye nini tangazo lisipotufikia

#1 Katibu wa Soko, Molo (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Nafungua uzi huu kwa ajili yetu tunaoishi miji midogo: Molo, Elburgon, Njoro, Olenguruone, Ahero, Luanda, Mumias, popote ambapo makao makuu ya kaunti yako mbali na nauli ya kwenda huko ni ya kupangiwa. Jambo linaloniuma ni hili. Huduma nyingi tunazokosa zipo, na bajeti yake ilipitishwa. Tunazikosa kwa sababu tangazo halikutufikia, au lilitufikia siku yenyewe ikiwa imepita.

Chukueni ushuru wa soko. Kiwango anacholipa mama mboga kila asubuhi, ada ya leseni ya biashara, ada ya kuegesha pikapu iliyoleta viazi, vyote huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, na kila mwaka mswada wake unapaswa kupelekwa kwa wananchi kabla ya kupitishwa. Kuna soko moja ninalolijua ambapo ilani ya mkutano huo ilitoka gazetini na mtandaoni, kwa Kiingereza, na sokoni penyewe hapakubandikwa hata karatasi moja. Siku ya mkutano kina mama walikuwa wanapanga bidhaa zao. Viwango vipya vilipoanza kutozwa wakauliza ni lini waliombwa maoni. Kwenye makaratasi, waliombwa.

Tuanze na nani ni nani, maana hapo ndipo wengi hupotea. Chifu na naibu wake ni maafisa wa serikali kuu, chini ya wizara inayosimamia usalama wa ndani. Gavana si mkubwa wao. Baraza la chifu ni mahali pa kusikia habari za vitambulisho, usalama na misaada ya serikali kuu. Naibu wa chifu ndiye huandikisha mtoto aliyezaliwa nyumbani na mtu aliyefia nyumbani, na ndiye hutoa kibali cha mazishi katika hali hiyo. Mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita kwisha, kwa sababu baada ya hapo usajili huhesabiwa kuwa wa kuchelewa na karatasi zinazodaiwa huongezeka.

Kaunti ina ngazi zake: gavana na mawaziri wake, msimamizi wa kaunti ndogo, kisha msimamizi wa wadi. Huyu wa mwisho watu wengi hawamjui hata kwa sura, na ndiye muhimu kuliko wote katika uzi huu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imempa kazi ya kuratibu huduma katika wadi na kuwezesha wananchi kushiriki katika mipango. Tangazo la kaunti lisipofika kijijini, wa kwanza kuulizwa ni yeye. MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, kazi yake ni nyingine. Sheria hiyohiyo inamtaka awe karibu na wapiga kura na asikie maoni yao kuhusu yaliyo mbele ya bunge la kaunti, lakini inamkataza kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wa kaunti. Kwa hiyo fomu za huduma ya umma zikikaa kwenye gari la mwanasiasa badala ya ofisi ya wadi, hapo pana tatizo, na tuseme hivyo waziwazi.

Mgawanyo wa kazi uko katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Zahanati na vituo vya afya, ambulensi, taka, masoko, leseni za biashara, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, wazimamoto, barabara za kaunti na taa zake: hayo ni ya kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, vitambulisho na hati miliki za ardhi ni ya serikali kuu. Anayekwenda kwa gavana kulalamikia kitambulisho amepoteza siku na nauli.

Kalenda ya mwaka nitaileta hapo chini. Kwanza nataka kusikia kutoka kwenu. Kwenu tangazo hufika kwa njia gani?

#2 Mama wa Chekechea, Elburgon

Ahsante sana Katibu. Mimi nitasema la basari kwa sababu ndilo linalotutoa machozi. Fomu hutoka, muda wa kuzirudisha ni mfupi, na mzazi anayeshinda shambani anasikia kanisani Jumapili kwamba mwisho ulikuwa Ijumaa. Kisha mwingine anakwambia fomu ni za CDF, mwingine ni za kaunti, mwingine za gavana. Unapeleka kwa ofisi moja wanakurudisha kwa nyingine. Mtoto yuko nyumbani wakati huo wote. Naomba anayejua tofauti aieleze polepole.

#3 Katibu wa Soko, Molo

Mama, mifuko ni miwili na haina uhusiano. Basari ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya eneobunge, ni pesa za serikali kuu, na ofisi yake ni ile ya CDF ya eneobunge lenu. Basari ya kaunti hugawanywa kwa wadi, na ofisi yake ni ya wadi. Ukipewa fomu, angalia juu kabisa: ikitaja eneobunge ni ya CDF, ikitaja wadi au kaunti ni ya kaunti.

Mkanganyiko ulizidi Januari 2025 pale Msimamizi wa Bajeti alipotoa waraka akisema kaunti haziwezi kutumia pesa kwa basari za shule, ambazo ni kazi ya serikali kuu, bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Magavana walilalamika na jambo likaishia mahakamani. Wazazi wengi walisikia nusu ya habari, kwamba basari zimefutwa, wakaacha hata kuchukua fomu za CDF ambazo waraka ule haukuzigusa. Ndiyo maana nasema tangazo ni huduma. Likitolewa nusu linaumiza.

Jambo moja zaidi. Fomu ya basari ni bure, ya CDF na ya kaunti pia. Anayekuuzia anakuibia.

#4 Mfugaji wa Kuresoi

Habari zenu. Mimi nafuga kondoo na ng'ombe wachache wa maziwa. Katibu amesema tangazo nusu linaumiza, na sisi wafugaji tunajua hivyo. Kumbukeni kampeni ya chanjo ya mifugo iliyoanza Januari 2025. Lengo lilikuwa ng'ombe milioni 22 dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka ya mbuzi. Magonjwa yenyewe tunayajua, yametumaliza. Lakini habari ilitufikia kwanza kupitia simu za watu: mara chanjo ina kitu cha kigeni ndani, mara ng'ombe hawatazaa, mara ni mpango wa mabwanyenye wa ng'ambo. Daktari wa mifugo wa kututuliza alikuja uvumi ukiwa umeshakaa.

Hapa kijijini majirani walificha mifugo. Mtu anayeamini kwamba ng'ombe wake watakuwa tasa huwezi kumlaumu kwa kuwaficha. Angekuja afisa wa mifugo mapema, asimame kwenye dipu au pale tunapopeleka maziwa asubuhi, aseme chanjo inatengenezwa hapahapa Kenya, aonyeshe chupa, ajibu maswali ya wazee, watu wangejitokeza. Sisi tupo pale kila asubuhi na mitungi yetu, hatuhitaji kuitwa kwenye ukumbi.

Na karantini pia. Soko la mifugo likifungwa kwa sababu ya ugonjwa, wa mwisho kujua ni yule aliyetembeza kondoo tangu usiku.

#5 Kijana wa Njoro

Katibu nakuheshimu lakini hii mikutano ya maoni ni maigizo. Wanaita watu, wanasoma makaratasi haraka haraka, mnasaini orodha, mnarudi nyumbani. Bajeti imeshapangwa huko juu. Mimi nilisimama nikaomba taa za barabara kwenye njia ya wanafunzi, nikapigiwa makofi, na giza liko palepale. Sasa nikipata tangazo mapema ndiyo itanisaidia nini? Nitaenda kupigiwa makofi mapema?

#6 Katibu wa Soko, Molo

Ndugu yangu, uchungu wako ni wa haki na sitaupinga. Lakini nikueleze kwa nini siachi.

Maneno uliyosema kwa mdomo ukiwa umesimama yanaweza kupotea kabla ya gari la maafisa kufika Nakuru. Yaliyoandikwa, yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa, hayapotei kirahisi hivyo. Kila ilani ya ushirikishaji wa umma hupaswa kusema maoni ya maandishi yapelekwe wapi na mwisho lini. Watu wachache sana huandika. Ndiyo maana mkutano mmoja wenye watu arobaini waliosaini orodha hutosha kuitwa maoni ya wadi nzima.

Pili, mahakama zimelizungumzia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya tumbaku ya BAT, iliweka wazi kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu, na kwamba watu wanahitaji kupewa habari za kutosha na nafasi ya maana ya kusema. Si kila kesi hushinda. Sheria ya Fedha ya 2023, ile ya serikali kuu, ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 2024 kwa sababu za ushirikishaji miongoni mwa nyingine, kisha Mahakama ya Juu ikaigeuza hukumu hiyo Oktoba. Lakini tazama jambo lenyewe: majaji waliuliza wananchi walijulishwaje, wakapewa muda gani, maoni yao yalijibiwa vipi. Maswali hayohayo tunaweza kuyauliza kwa mkutano wa wadi ya Njoro.

Tatu, ndugu yangu, uliomba taa katika mkutano gani? Hapa ndipo kalenda inapoingia. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufike bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, yaani miezi kumi kabla pesa hazijaanza kutumika. Huo ndio wakati wa kuomba taa, zahanati, daraja. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kufikia 28 Februari, na humo ndimo hugawanywa kiasi cha kila idara: afya ngapi, barabara ngapi, maji ngapi. Makadirio ya bajeti yanafika kufikia 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni. Mtu anayesimama mwezi wa tano kuomba mradi mpya kabisa amechelewa, kwa sababu kilichobaki wakati huo ni kusogeza kidogo kutoka hapa kwenda pale. Sheria ya Fedha, ile ya ushuru na ada, nayo hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti.

Wanaotuita hawatuelezi tofauti hiyo. Wanaandika kwenye ilani jina refu la waraka kwa Kiingereza, na mwananchi anakwenda na ombi lake lilelile katika kila mkutano. Ingetosha sentensi moja: njooni museme mnataka miradi gani mwaka ujao. Au: njooni museme ushuru wa soko uwe shilingi ngapi. Soko zima lingefungwa watu waende.

#7 Nyar Kano, Ahero

Mimi niko upande wa Kisumu na nimesoma uzi wote. Nyinyi mnazungumzia ushuru na taa. Huku kwetu tangazo ni uhai.

Mto Nyando unatoka milima ya Nandi na Kericho. Mvua inaweza kunyesha huko juu usiku kucha na hapa Ahero hata wingu hatujaliona, kisha asubuhi maji yako mlangoni. Kwa hiyo sisi hatuwezi kutegemea macho yetu. Lazima mtu wa juu amwambie mtu wa chini, na wa chini aseme kwa lugha ambayo nyanya yangu anaielewa, na aseme twende wapi. Tahadhari inayosema kutakuwa na mvua kubwa kuliko wastani katika nyanda za Ziwa Viktoria haimwambii nyanya kama abebe magodoro leo au kesho.

Idara ya Hali ya Hewa ina ofisi ya kaunti, watu hawajui. Utabiri wa mvua za Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba hutolewa hadi ngazi ya kaunti. Tatizo ni hatua ya mwisho, kutoka kwenye barua hadi kwenye boma. Katika kijiji chetu anayetufikia ni mhudumu wa afya ya jamii, yule CHP anayetembea nyumba kwa nyumba na simu yake ya serikali. Anajua nani mgonjwa, nani amejifungua juzi, nani hawezi kutembea. Kama mimi ndiye mwenye kuamua, ningempa yeye tahadhari ya mafuriko kabla ya kumpa mtu yeyote mwingine.

#8 Katibu wa Soko, Molo

Dada, umenigusa. Sisi wa kaunti ya Nakuru tuna makaburi ya jambo hilo. Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 likaua watu 48. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalibomoa na kufagia nyumba za watu waliokuwa wamelala. Siku chache baadaye serikali ikatoa amri ya saa 24 kwa wanaoishi karibu na mabwawa 178 na mito kuhama. Ndugu zetu wa Mai Mahiu walikuwa wameshazikwa au bado wanatafutwa kwenye matope.

Sitaki mtu asome uzi huu akidhani tunabishania vikaratasi.

#9 Mwalimu Mstaafu, Luanda

Hamjambo wanangu. Naongezea la kwetu Vihiga. Hapa kuna ukoo wa Nganyi, wanaojulikana tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua: maua ya miti, wadudu, upepo. Badala ya kuwadharau, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walikaa nao, wakalinganisha utabiri wao na wa mitambo, na wakakubaliana juu ya ujumbe mmoja wa kuwapa wakulima. Tangazo likatoka kwa kinywa ambacho watu walishakiamini. Kule Budalang'i, kwenye Mto Nzoia, kuna redio ya jamii ya Bulala FM iliyoanzishwa kwa ushirikiano na idara hiyohiyo, na inasema na watu kwa lugha yao.

Sasa niseme la lugha. Katiba, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo ofisi inayobandika ilani kwa Kiingereza pekee inatumia nusu ya lugha zake rasmi, tena ile ambayo mama wa sokoni haitumii kupimia maharagwe. Na Sheria ya Serikali za Kaunti, Kifungu cha 95, inazitaka kaunti zitumie njia za kuwafikia watu wengi iwezekanavyo, na inazitaja: televisheni, vituo vya mawasiliano, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara, na njia za kimapokeo. Tovuti ni moja tu katika orodha hiyo. Nimefundisha watoto wa eneo hili miaka mingi, wengine sasa ni maafisa wa kaunti, na ninawaambia kila ninapowaona: andikeni kwa Kiswahili kwanza.

#10 Niliwahi Kukaa Ofisini

Nitaongea kidogo kwa sababu nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wadi, wadi gani si muhimu. Watu wanadhani tangazo hufichwa kwa makusudi. Mara nyingine ndiyo, hasa la ajira za vibarua. Lakini mara nyingi zaidi mambo huenda hivi: idara huko makao makuu inaandaa waraka ikiwa imechelewa, tarehe ya mwisho ya sheria iko karibu, ilani inalipiwa gazetini leo na mkutano ni wiki hiyohiyo. Barua inamfikia msimamizi wa kaunti ndogo, anaipiga picha na kuituma kwa wasimamizi wa wadi kwenye WhatsApp. Msimamizi wa wadi hana gari, hana pesa za kuchapisha, na wino wa mashine ulikwisha zamani. Anaituma kwenye kundi la wazee na viongozi wa vikundi. Hapo ndipo inapokwamia, kwenye simu za watu hamsini walewale, ambao ndio huja kwenye kila mkutano.

Ushauri wangu ni wa vitendo. Nendeni ofisi ya wadi wakati hakuna shida yoyote, mjitambulishe: sisi ni kikundi fulani, tunakutana siku fulani, namba ya katibu ni hii, ubao wetu wa matangazo uko mahali fulani. Afisa mwenye namba hiyo atawatumia, kwa sababu mkutano ukijaa naye anaonekana amefanya kazi. Nilikuwa nafurahi sana kikundi cha kina mama wa kanisa kilipotuletea namba zao. Kazi yangu ilipungua nusu.

Pia jifunzeni kutofautisha tangazo la kweli na la uongo. La kweli lina jina la ofisi, tarehe, jina na cheo cha aliyesaini, na mara nyingi namba ya kumbukumbu. Likikutaka utume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili uorodheshwe kwa kazi au msaada, ni la wezi. Malipo ya huduma za serikali kuu hupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma, kwa namba ya malipo 222222. Ushuru wa kaunti nao una njia yake rasmi na ni lazima upewe risiti.

#11 Steji ya Turi

Sisi wa bodaboda tupo kila kona. Mtupe karatasi tuzibandike stejini, na abiria tutawaambia. Hatujawahi kuombwa.

#12 Kijana wa Njoro

Sawa Katibu, la kalenda sikulijua, na huyu wa ofisini amesema ukweli. Niulize basi. Nataka kujua zile taa ziliandikwa kwenye mpango au la, na kama ziliandikwa pesa zilienda wapi. Nikienda ofisini wananiuliza mimi ni nani. Nianzie wapi?

#13 Katibu wa Soko, Molo

Hilo ndilo swali nililolingoja. Wewe ni raia, na hilo linatosha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Hulazimiki kueleza sababu ya kuuliza. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria imevitaja vyote viwili. Asiyeweza kuandika, afisa anapaswa kumsaidia kuliweka ombi lake kwenye maandishi. Kupeleka ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama halisi ya nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kuongeza mara moja, siku zisizozidi 14. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Dada wa Ahero, shika hilo la saa 48. Ukiwa umepeleka ofisi isiyohusika, wanaweza kulihamishia kwa inayohusika ndani ya siku tano, si kukurudisha nyumbani.

Wakikataa au wakikujibu usivyoridhika, una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Tume hiyo ina ofisi Kisumu pia.

Barua isiwe ndefu. Hii hapa, ibadilisheni mtakavyo:

*Kwa Katibu wa Kaunti, kupitia kwa Msimamizi wa Wadi. Yah: Ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mimi ni raia na mkazi wa wadi hii. Naomba nakala za: (a) orodha ya miradi ya wadi yetu katika Mpango wa Maendeleo wa mwaka huu wa fedha, (b) kiasi kilichotengewa kila mradi na kiasi kilicholipwa hadi sasa, (c) ilani zilizotolewa kuwaita wakazi katika mikutano ya mpango huo, na mahali zilipobandikwa. Naomba nijibiwe kwa Kiswahili.* Kisha jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi, tarehe.

Kipengele cha tatu msikiache. Kinauliza tangazo lenyewe liko wapi, na afisa akijua ataulizwa mahali alipobandika, mwaka ujao atabandika.

#14 Mama wa Chekechea, Elburgon

Katibu, na kuhusu stima na maji? Wiki jana maziwa ya mteja wangu yaliharibika kwenye friji.

#15 Katibu wa Soko, Molo

Pole mama. Kenya Power hutoa orodha ya maeneo yatakayokatiwa stima kwa ukarabati, ikitaja kaunti, mitaa, tarehe na saa. Hutoka kwenye magazeti na kurasa zao za mtandaoni. Soma majina ya sehemu zote, kwa sababu kijiji chako kinaweza kuwa kimeandikwa chini ya jina la shule au kiwanda kilicho jirani. Kukatika kwa ghafla hakuwi kwenye orodha hiyo. Kwa huko piga *977# uripoti. Maji ni ya kampuni ya maji inayokutumia bili. Namba ya akaunti yako iwe na namba ya simu unayotumia sasa, maana jumbe za wengi hutumwa kwa namba iliyopotea zamani.

#16 Mfugaji wa Kuresoi

Barua nimeinakili kwenye daftari. Swali langu moja tu: nikiipeleka wadini wakasema wataipeleka mbele, nitajuaje kama ilienda?

#17 Niliwahi Kukaa Ofisini

Mzee, peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili wagonge mhuri wa kupokea na tarehe, kisha urudi nayo nyumbani. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia tarehe ya mhuri huo. Wakisema mhuri haupo, aliyepokea aandike jina lake, cheo na tarehe kwa mkono na asaini. Usiondoke bila hiyo.

#18 Katibu wa Soko, Molo

Na mkijibiwa, leteni majibu hapa, yawe mazuri au mabaya, mkiwa mmefunika majina na namba za simu za watu. Steji ya Turi, nakuja na karatasi za mkutano wa mpango wa mwaka ujao mara tu tarehe ikitolewa. Mwalimu wa Luanda, nitakuomba uzitafsiri ilani zao kwa Kiswahili chepesi kabla hatujazibandika.

#19 Mwalimu Mstaafu, Luanda

Zilete. Usiku huohuo utakuwa nazo.